Mikato Kwenye Haidrenjia ya Teiji

Jirani anayekuletea mabiringanya mara tatu kwa wiki ana lake jambo. Mara moja ni ujirani mwema. Mara mbili, tuseme bustani yake imezaa kupita kiasi. Lakini mara tatu, tena yamefutwa vumbi na kupangwa kikapuni kana kwamba anakuja kuposa, hapo mwanamke mwenye akili zake anaacha kushukuru na kuanza kuangalia macho ya mgeni yanakwenda wapi.

Macho ya Bwana Orito yalikuwa yanakwenda ukutani kwangu. Alikuwa anapokea chai, anasifu achari yangu ya figili, anauliza habari za mgongo wangu, na muda wote huo shingo yake inapinda kidogo kidogo kuelekea nyuma ya nyumba. Akimaliza kikombe ananiomba ruhusa apitie nyuma, apande ngazi ya mawe hadi kwake. Ngazi ipo, sikatai, lakini imeota ukungu na inateleza, na mtu wa miaka sabini na mitatu hapiti kwenye utelezi wakati barabara nzuri iko mbele.

Niueleze ukuta huo, maana ndio uliotugombanisha. Shamba la Orito liko juu, nyumba yangu iko chini, na katikati kuna ukuta wa mawe unaozuia udongo wake usituporomokee. Babu wa mume wangu ndiye aliyeujenga. Ukuta ni wetu, na kinachopanda juu ya ukuta ni chetu. Kinachopanda ni haidrenjia ya kutambaa.

Kwa kawaida haidrenjia ya kutambaa si kitu cha kumfanya mtu ageuke, hapa kwetu Kuzumata. Mlima mzima umejaa hizo. Zinashika miti mikubwa kwa mizizi yake midogo, zinapanda hadi juu, zinatoa maua meupe mwezi wa sita, basi. Yetu ni tofauti. Majani yake yana mabaka meupe, jani hili nusu, jani lile ukingoni tu, kana kwamba mtu alisimama juu ya ukuta akamwaga maji ya kuoshea mchele. Teiji, mume wangu, aliipata akiwa na miaka ishirini na tisa. Alikwenda mlimani kuchuma mboga za mwituni akaona mmea wa kijani mtupu, na katikati yake kitawi kimoja chenye mabaka. Alimwaga wali wa chakula chake cha mchana, akakifunga kile kitawi kwa kuvumwani, ule ukungu mbichi wa mawe, ndani ya kopo la chakula, akarudi nyumbani na njaa. Nilikuwa mke wa mwezi mmoja. Nilimwuliza mboga ziko wapi, akanionyesha kitawi.

Miaka arobaini na mmoja aliilea. Mimi alinilea pia, ila kwa maneno machache zaidi.

Katika bonde letu kuna Chama cha Majani ya Mabaka, wanachama thelathini na wawili, na wote wana wivu. Chama kina kitabu. Kila mwaka wa tatu, mwezi wa sita, kitabu kinafunguliwa na mmea mpya unaandikwa pamoja na jina lake. Anayeuleta kwanza ndiye anayeupa jina, na jina likishaandikwa halifutwi. Teiji hakuwa mtu wa haraka. Alisema rangi itulie kwanza, na akaingoja itulie hadi akazeeka. Mwishowe aliridhika, akasema mwaka huu tunakwenda, na mwezi wa tatu, theluji ikianza kuyeyuka, mapafu yakamchukua. Mwezi wa sita kitabu kilifunguliwa bila sisi, kwa sababu mfiwa haendi kwenye sherehe mwaka wa kwanza. Ikabidi ningoje mingine mitatu.

Sikujaliwa mtoto. Teiji naye alikuwa mwana pekee wa kiume katika nyumba yao, na mimi nikifa kaburi la ukoo wetu wa Kasahara halitakuwa na mtu wa kulimwagia maji. Jina lake lingebaki kwenye kile kitabu au lisingebaki popote duniani. Nilishaliandika kwenye kibao cha mbao, kwa wino: Theluji ya Teiji. Kwa hiyo mtu asinishangae nilivyolinda ule ukuta.

Watu wa chama walikuja baada ya msiba, mmoja mmoja, na keki za maharage. Wote walitaka kipandikizi. Ni desturi yao, ukiwa na kitu cha nadra unampa rafiki kipande, ili chako kikifa uende ukamwombe chake. Desturi nzuri kwa mtu ambaye jina la mmea wake limeshaandikwa. Niliwaambia wote jibu moja: kitabu kwanza, vipandikizi baadaye. Walikunywa chai wakaondoka, na keki nilizila mimi.

Kuna jambo jingine nililolisema wakati ule, na ni lazima nilitaje hapa ingawa linanichoma. Siku ya arobaini na tisa, tulipoanua tanga, shemeji yangu kutoka mjini, mume wa dada yangu, aliamua kunisaidia. Alichukua mkasi akaupogoa msonobari wa Teiji ili bustani ipendeze mbele ya wageni. Aliukata kama mtu anayekata kabichi. Nilipouona nikasimama mbele ya mtaa wote, mbele ya kuhani na masahani ya chakula, nikasema kwamba kuanzia leo hakuna chuma kitakachogusa kitu alichopanda Teiji, si mkasi, si kisu, si wembe, maadamu mimi niko hai. Watu waliinamisha vichwa. Bwana Orito alikuwa amekaa karibu na mlango.

Mikato niliiona mwaka uliofuata. Nilikuwa nang'oa magugu chini ya ukuta, nikainua uso, nikaona kisiki cha kitawi, kibichi, kimekatwa mshazari. Nikatafuta kingine nikakiona, halafu kingine. Kufika jioni nilikuwa nimehesabu saba, na karibu vyote vilikuwa sehemu ya juu, pale mtu aliyelala kifudifudi kwenye shamba la Orito angeweza kufikisha mkono. Vitawi vyenyewe havikuwepo, havikuanguka chini, wala hakukuwa na jani hata moja. Nilipitisha kidole juu ya mkato. Ulikuwa laini kabisa. Mkasi hubana na kuacha alama, kisu cha jikoni huchana. Ule ulikuwa mkato wa wembe.

Na Bwana Orito alikuwa kinyozi. Miaka arobaini alitunyolea waume zetu, akafunga duka mkono ulipoanza kuchoka, lakini kiti na nyembe viko hadi leo chumba cha mbele.

Mwenye kuibiwa akipiga kelele mapema anamfundisha mwizi kujificha. Nilianza kukusanya ushahidi. Kwanza, nilikumbuka kwamba Orito aliingia chama miezi sita tu baada ya Teiji kufa. Kinyozi ambaye maisha yake yote hakuwahi kupanda kitu zaidi ya vitunguu na mabiringanya, ghafla analipa ada na kukaa mstari wa mbele. Pili, Bi Nobue muuza tofu aliniambia kwamba aliwaona Orito na Bwana Usami, mwenyekiti wa chama, wakinong'onezana nje ya zahanati. Alipita karibu akasikia wakizungumzia mwezi gani ni mzuri kukata.

"Kukata nini?" nilimwuliza.

"Sikusikia nini," akasema Bi Nobue. "Ila dada, mtu hanong'oni kwa ajili ya vitunguu."

Lisemwalo lipo. Kuanzia siku ile sikulala vizuri. Nilifunga nyuzi nyekundu za sufu kwenye vitawi vyote vizuri, vile vyenye mabaka mengi, ishirini na sita. Kila asubuhi nilihesabu nyuzi. Mikato mipya ilitokea, miwili, baadaye minne, lakini hakuna kitawi chenye uzi kilichoguswa. Mwingine angepumua. Mimi nilizidi kumwogopa yule mtu, kwa sababu mwizi mwenye akili haibi kilichohesabiwa. Alikuwa amenisoma.

Nikamwaga kokoto chini ya ukuta, zile zinazolia mtu akikanyaga. Nikafunga kamba yenye kengele kwenye ngazi. Orito alipokuja na mabiringanya yake akaiona kengele, akaniuliza kama nyani wameanza kushuka. Nikasema ndiyo, mmoja, tena mzee, mwenye upara. Alicheka. Nikasema moyoni, cheka tu.

Ubao wa matangazo ya mtaa huzunguka nyumba kwa nyumba, na baada yangu anayeufuata ni yeye. Siku moja niliupeleka mwenyewe nikijua yuko zahanati. Pembeni ya nyumba niliona vyungu kumi na viwili vimepangwa kivulini, vimefunikwa gazeti. Niliita hodi mara tatu, na ilipokuwa wazi hakuna mtu nikalifunua gazeti. Vilikuwa vichipukizi vya vitunguu. Nilivitazama kwa muda mrefu. Kisha nikaelewa: amevihamisha vyangu, na hivi ameviweka hapa ili nivione.

Ndivyo nilivyokuwa. Kila nilichokikuta kilikuwa ushahidi, na nisichokikuta kilikuwa ushahidi mkubwa zaidi.

Mwezi wa nne, theluji ikishayeyuka, mtaa mzima hutoka kuzoa matope kwenye mtaro. Kila nyumba inatoa mtu na koleo, na kazi ikiisha tunakaa kando ya barabara kwa chai na achari. Mwaka ule nilikuwa nimehesabu mikato ishirini na mmoja tangu mwanzo, na Juni ya kitabu ilikuwa imebakiza mwaka mmoja na ushee. Vipandikizi vilivyoota mizizi mwaka jana vingekuwa tayari kuchanua. Nilimwona Orito ameketi na kikombe chake, buti zimejaa matope, anamweleza Bi Nobue jinsi ya kuloweka mbegu. Alikuwa anaonekana mtu mwema sana, na hilo ndilo lililonikasirisha.

"Bwana Orito," nikasema, na sikupunguza sauti. "Duka ulifunga, lakini naona mkono bado unawasha. Vichwa vya watu vimekwisha, sasa unanyoa kuta za wajane?"

Mtu mmoja alicheka, halafu akaona hakuna anayemfuata. Orito aliweka kikombe chini. Alivua glavu, moja, kisha ya pili, akasimama, akainama mbele yangu hadi nikaona utosi wake wote.

"Nimekukosea, Bi Kasahara," akasema. "Haitatokea tena."

Kwetu mtu akiinama namna ile mbele ya majirani, kesi imekwisha na hukumu imetoka. Bi Nobue alinibana mkono. Nilirudi nyumbani nikawasha ubani mbele ya picha ya Teiji, nikamwambia mwizi amepatikana na amekiri mwenyewe. Nilijisikia mwepesi kama msichana.

Na haikutokea tena, alitimiza ahadi. Mikato ilikoma. Mabiringanya yalikoma pia. Ubao wa matangazo, ikiwa ni zamu ya kurudi upande wangu, niliukuta kizingitini umefungwa kwenye plastiki usilowe, bila hodi. Tukikutana dukani kwa Bi Nobue anaacha foleni, anatoka kusubiri nje hadi nimalize. Niliona ni haki yake aone aibu.

Kiangazi kile haidrenjia ya Teiji ilinenepa nisivyowahi kuiona. Ilitupa machipukizi marefu kama mkono wangu, ikajaza nafasi zote za mawe, ikafika pembe ya ukuta ambako Teiji hakuwahi kuifikisha. Niliwaita watu waje waone. Niliwaambia, mnaona mmea unavyopumua mwizi akiacha kuunyonya? Waliitikia kwa vichwa wakasema naam, umestawi. Hakuna aliyesema zaidi ya hapo, na mimi sikuwauliza.

Kijani kilikuwepo. Sitadanganya. Niliona kwamba machipukizi yale mapya ni ya kijani kitupu, hayana baka. Na kanuni niliijua. Teiji aliniambia mara mia kwamba mmea wa mabaka hutamani kurudi ulikotoka, na kwamba kijani kina nguvu, kikiachwa kinakula cheupe. Mara mia niliitikia huku nikifikiria samaki wangu jikoni. Lakini nilikuwa nimeapa mbele ya watu. Na ningekata kipi? Kijani nacho kilikuwa cha Teiji, kimetoka kwenye mzizi ule ule alioubeba kwenye kopo la chakula. Nilijisemea kwamba mabaka yako mengi kule juu, yatajitetea. Isitoshe, macho yangu yalikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa naangalia juu ya ukuta, kwa mtu, siyo ukutani, kwa majani.

Nyuzi zangu nyekundu zilizama ndani ya kijani hadi nikaacha kuzitafuta.

Baridi ile theluji ilifika kwenye dirisha la ghorofani. Majani yalikuwa yamekwishapukutika, kama kila mwaka, na mmea ukabaki kamba tupu ukutani. Mwezi wa nne ukaamka. Majani yakafunguka, kijani kibichi. Nilitulia, maana majani machanga ya mabaka mara nyingine huchelewa kuonyesha rangi. Mwezi wa tano nilianza kwenda ukutani kabla ya kunywa chai. Nilisogeza matawi kwa mikono miwili. Vitawi vyenye nyuzi nyekundu nilivipata, na vilikatika vidoleni kwangu, vikavu.

Nilijiambia bado mapema. Nilijiambia hivyo kila asubuhi hadi Juni.

Kabla kitabu hakijafunguliwa, mwenyekiti huja kuukagua mmea nyumbani kwa mwenyewe. Bwana Usami alikuja Jumapili moja na kofia yake ya majani na kitabu kidogo cha kuandikia. Nilikuwa nimekiweka kile kibao chenye jina kwenye meza, na wali mwekundu wa sherehe niliupika tangu alfajiri. Nilimpeleka nyuma. Haidrenjia ilikuwa imechanua ukuta mzima, sahani kwa sahani za maua meupe, na nyuki wamejaa. Usami alisimama. Alivuta pumzi katikati ya meno, taratibu, kama tunavyofanya tukiwa hatutaki kusema. Akasogea hadi kwenye mawe, akainua jani, akaliacha, akainua jingine. Alipanda ngazi, akainama kutoka juu. Alitafuta karibu nusu saa.

Aliposhuka alifuta magoti yake.

"Bi Kasahara," akasema, "Bwana Orito aliacha lini kukata?"

Nilimwuliza anamaanisha nini. Nikamwambia kama anajua habari za mwizi yule kwa nini hakuniambia. Usami alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha ya mbali.

Akanieleza, na alieleza polepole, kwa huruma, jambo lililoifanya kila sentensi iwe nzito zaidi. Teiji akiwa hospitalini, wiki yake ya mwisho, alimwomba Orito amwangalizie kijani, akikate kabla hakijala cheupe, kwa kuwa yuko juu ya ukuta na anafikia mahali ambapo mimi sifikii. Orito hakujua chochote kuhusu mimea, ndiyo maana akaingia chama. Alimwendea Usami mara kadhaa kuuliza akate mwezi gani, akate wapi, afanyeje kidonda kipone upesi. Usami alimwambia atumie chuma kikali kuliko vyote alivyo navyo.

"Alisema wewe uliapa chuma kisiguse," Usami akasema. "Akasema mjane hawezi kuambiwa avunje kiapo chake siku chache baada ya tanga, na Teiji naye hawezi kukataliwa. Basi akawa anakata kijani tu, anabeba, ili usiumie kukiona. Mimi nilidhani unajua na unajifanya hujui. Watu wengi hufanya hivyo."

"Na mabiringanya?"

"Mabiringanya gani?"

Nilielewa mwenyewe. Kutoka juu huwezi kuona chipukizi lililoota chini. Alihitaji sababu ya kupita nyuma kwangu.

Nilimwuliza Usami kama mabaka yanaweza kurudi. Alisema amewahi kusikia. Yeye mwenyewe, katika miaka hamsini, hajaona. Kisha akafunga kitabu chake kidogo bila kuandika, akakataa wali kwa adabu, akaondoka. Alipofika langoni alivua kofia akaugeukia ukuta akainama kidogo, kama anavyoinama mtu kwenye nyumba yenye msiba.

Aibu ninaijua, nimeishi nayo kama kila mtu. Hii haikuwa aibu. Ilikuwa kana kwamba Teiji amekufa mara ya pili, na safari hii nilikuwa nimemshika shingo mimi. Lakini hata ndani ya maumivu yale akili yangu haikuacha kazi yake ya zamani. Ilikuwa imezoea kumshuku Orito, na ikaendelea. Ikaniambia: mtu aliyekata muda wote ule, na wembe mkononi, na mabaka mazuri yako mbele ya pua yake, na hakuna anayemwona. Atakosa kuchukua hata kimoja? Nani angekosa? Mimi ningechukua. Watu thelathini na wawili wa chama wangechukua. Moyo ukaanza kupiga kwa namna nyingine kabisa. Nilivaa kandambili nikapanda ile ngazi ya ukungu, nikaipita kamba ya kengele ikalia, nikaingia uani kwa Orito kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na minne.

Alikuwa chumba cha mbele, anafuta kiti cha kunyolea ambacho hakuna anayekikalia. Aliponiona alitaka kusimama vizuri, kitambaa kikaanguka. Nilipiga magoti pale pale mlangoni nikagusa sakafu kwa paji la uso. Nilimwambia Usami amenieleza yote. Nilimwambia nimemvunjia heshima mbele ya mtaa na nitasimama mbele ya mtaa huo huo kuirudisha. Alisema hapana, hapana, hakuna haja, yeye ndiye aliyepaswa kutafuta njia nzuri zaidi ya kufanya lile jambo.

Aliuliza mmea unaendeleaje. Nilimwambia. Alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, cha wateja, akafunika mdomo kwa mkono.

Nikamsogelea kwa magoti.

"Bwana Orito, ulikuwa unakata kijani tu?"

"Ndiyo. Teiji alisema cheupe si changu."

"Lakini siku moja wembe uliteleza. Kitawi cheupe kikaanguka. Ukaona ni hasara kukitupa, ukakichomeka mahali."

"Hapana, Bi Kasahara."

"Kwenye chungu. Hata kwenye kikombe cha maji."

Alitikisa kichwa.

"Sitakasirika," nikamwambia. "Jina liwe lako ukitaka, tutaona baadaye. Niambie tu kwamba uliiba kimoja."

Mzee yule alianza kulia. Alishuka kitini, akapiga magoti mbele yangu, tukawa wawili sakafuni kati ya vioo, akainamisha kichwa kama siku ile ya mtaro.

"Nisamehe," akasema. "Sikuiba."

Nilimwambia afikirie vizuri, watu wa umri wetu husahau.